Oda ya bei ya chini: ikubali au ikatae? Mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya gharama husika

Karibu kila anayenifungulia daftari lake la biashara amekosea palepale. Ana namba moja aliyoikokotoa siku nyingi, "gharama ya kipande", ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kila swali linalokuja analipimia hapo. Mteja akitaja bei iliyo juu ya namba hiyo, anakubali. Akitaja ya chini, anakataa.

Namba hiyo ina kazi yake unapopanga bei za mwaka mzima. Kwa uamuzi wa wiki hii inakupoteza mara mbili: Aprili kazi ikipoa unaikimbia oda yenye faida, Desemba kazi ikijaa unaikumbatia yenye hasara.

Nitatumia karakana ya sare za shule, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu. Bei ni za mfano tu. Weka zako, hatua hazibadiliki hata kama unaoka mikate au unafyatua matofali.

## Andaa hivi kwanza

- Risiti na daftari la manunuzi la miezi mitatu iliyopita.
- Bei za leo. Mpigie simu muuza vitambaa kabla hujashika kalamu, maana risiti inakuambia bei ya siku ile tu.
- Hesabu ya stoo iliyopimwa leo kwa mita, jora kwa jora. "Kipo kingi tu" si hesabu.
- Orodha ya watu wako: nani analipwa kwa kipande, nani kwa siku, nani kwa mwezi.
- Mkataba wa pango, uone umelipa mpaka mwezi gani.
- Idadi ya saa ambazo mafundi watakuwa hawana kazi katika wiki za oda.
- Karatasi tupu. Usiifanye hesabu hii ndani ya daftari lenyewe, utavutwa na zile namba za zamani.

## Mfano tutakaoufuata

Karakana ina mafundi wanne na uwezo wa kushona mashati 800 kwa mwezi, saa moja kwa shati. Daftari linasema shati moja linagharimu hivi:

- Kitambaa mita 1.5 kwa 3,000: sh. 4,500
- Uzi, vifungo na kitambaa cha kukazia kola: sh. 500
- Ufundi, kwa kipande: sh. 2,500
- Umeme, sindano na mafuta ya mashine: sh. 150
- Pango, 400,000 kugawanya kwa 800: sh. 500
- Mshahara wa msimamizi, 480,000 kugawanya kwa 800: sh. 600
- Uchakavu wa mashine, 200,000 kugawanya kwa 800: sh. 250

Jumla sh. 9,000. Dukani linauzwa 11,500.

Ni Aprili, kazi imepoa, mnashona kama mashati 400 tu. Shule inataka mashati 300 ya bluu bahari, yenye nembo mfukoni, yaletwe mpaka getini, kwa sh. 8,500. Daftari linapiga kelele: hasara ya 500 kila shati, 150,000 kwa oda nzima.

## Hatua ya 1: Andika njia mbili, si moja

Juu ya karatasi andika: "Nikikubali oda hii" na "Nisipokubali." Hapo ndipo kazi yote ilipo. Gharama husika ni ile ambayo kiasi chake kinatofautiana kati ya njia hizo mbili. Inayobaki ileile kote kuwili haina sauti katika uamuzi huu, hata kama inakuumiza kichwa kila mwezi.

Andika pia muda: oda ya wiki tatu, mwezi wa Aprili. Bila tarehe hutajua kipi kinabadilika. Pango halibadiliki ndani ya wiki tatu, ila ndani ya miaka miwili unaweza kuhama kabisa.

Hatua hii imekaa sawa kama mtu mwingine anaweza kuisoma karatasi na kukueleza unachagua kati ya nini na nini. Ukiwa umeandika "Je, mashati yanalipa?" rudi mwanzo. Hilo ni swali jingine.

## Hatua ya 2: Futa kisichobadilika

Pitia orodha ya daftari mstari kwa mstari na uulize: nisipoichukua oda, pesa hii itabaki mfukoni mwangu?

Pango: hapana. Mwenye nyumba alishachukua ya miezi sita, wala hajali mnashona au mmelala. Futa.

Mshahara wa msimamizi: hapana, analipwa mwezi wote. Futa, lakini mkumbuke, tutarudi kwake.

Uchakavu: hapana. Cherehani zilishanunuliwa, na ile 200,000 ni mgawanyo wa kitabuni. Kinachoongezeka mashine ikifanya kazi ni sindano, mafuta na mkanda, navyo vimo kwenye ile 150.

Rejesho la mkopo wa cherehani halimo kwenye orodha, lakini najua linakukaa rohoni. Wengi hunijia na sentensi moja: "Kila mwezi nadaiwa rejesho, nitashonaje kwa bei hiyo?" Ndugu, rejesho utalilipa ukikubali na utalilipa ukikataa. Oda inayoacha chochote mkononi inakusaidia kulilipa.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikataa majoho 60 ya kwaya kwa sababu bei yao "haikufikia gharama". Kwenye gharama hiyo nilikuwa nimetia pango na sehemu ya mshahara wangu. Wiki mbili zilizofuata mafundi walicheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa nilichokuwa nimekinunua kwa matumaini. Pango nikalipa vilevile.

Tahadhari: usifute kwa jina, futa kwa jibu la swali. "Pango" likiwa ni la chumba cha ziada utakachokodi kwa ajili ya oda hii, hilo linahusika lote.

## Hatua ya 3: Pima vitu vya stoo kwa thamani yake ya leo

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende taratibu. Bei uliyonunulia haihusiki. Maji yakimwagika hayazoleki. Jiulize kitu hicho kitafanya nini usipokitumia kwenye oda. Kuna majibu matatu.

Unakitumia kila siku. Vifungo vyeupe na uzi vimo stoo tayari, vya bei ya zamani, wastani wa sh. 500 kwa shati. Ukivimalizia kwenye oda utaenda kununua vingine, na leo vimefika 550. Weka 550. Mara 300 ni 165,000.

Huna pa kukitumia. Kwenye rafu ya juu kuna mita 150 za bluu bahari, mabaki ya shule iliyobadilisha sare. Ulinunua kwa 3,200. Hakuna mteja wako mwingine anayevaa rangi hiyo, ila kuna mshona mapazia aliyekwambia atazichukua kwa 1,200. Basi gharama yake kwenye oda hii ni 1,200, kwa sababu ndicho unachokikosa ukiikatia mashati. Mita 150 mara 1,200 ni 180,000. Kama hata huyo wa mapazia hayupo, gharama yake ni sifuri.

Hukina. Nunua kwa bei ya leo. Oda inahitaji mita 450, zimebaki 300 za kununua kwa 3,000: 900,000.

Watu hukasirika kusikia kitambaa cha 3,200 kinahesabiwa 1,200. "Ina maana nimepata hasara ya elfu mbili kwa mita?" Ndiyo, uliipata siku ile shule ilipobadilisha rangi. Ukiipakia hasara hiyo kwenye oda mpya utaikataa oda, na kitambaa kitaendelea kuliwa na panya.

Tahadhari: zikunjue jora kabla ya kuzihesabu. Kitambaa cha miaka miwili hupauka kwenye mikunjo, na mita 150 za stoo zinaweza kutoa 120 za kushona. Kazipime juani, siyo chini ya taa. Jua halifichi tofauti ya rangi kati ya jora la zamani na jipya, na mwalimu mkuu ataiona siku ya kwanza watoto wakisimama mstarini.

Tahadhari nyingine: kama umesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile unayolipa kwenye kitambaa unairudisha, hivyo tumia bei isiyo na kodi kila mahali, hata kwenye mapato. Kama hujasajiliwa, bei kamili uliyotoa ndiyo gharama yako. Usichanganye.

## Hatua ya 4: Ufundi na umeme

Mafundi wetu wanalipwa kwa kipande, basi 2,500 mara 300 ni 750,000. Inahusika yote.

Kama wako wanalipwa kwa mwezi na wamekaa bure, gharama ya ziada ni sifuri. Ukiwabakiza hadi saa mbili usiku, inayohusika ni ile ya ziada tu. Fundi huyohuyo, shati lilelile, mkataba tofauti, hesabu tofauti. Ndiyo maana nilikutaka uandike nani analipwa vipi.

Umeme usikisie. Soma yuniti kwenye mita ya LUKU asubuhi, shona na piga pasi mashati 20, soma tena. Fanya hivyo siku ambayo hakuna kazi nyingine, na usisahau kutoa taa na redio zinazowaka hata bila kazi. Kwetu, pamoja na sindano na mafuta, inatoka 150 kwa shati, yaani 45,000. Utashangaa: cherehani hula kidogo, mlaji ni pasi.

## Hatua ya 5: Ongeza ambayo daftari haliyajui

Daftari linabeba gharama za shati la kawaida la dukani. Oda ina yake.

- Nembo, anadarizi mtu wa nje kwa 600: 180,000
- Kirikuu cha kupeleka, safari mbili: 80,000
- Posho ya msimamizi kwa Jumamosi mbili: 40,000

Unamwona msimamizi amerudi? Mshahara wake tuliufuta, posho yake tunaiweka. Mtu ni mmoja, lakini pesa hii haingetoka bila oda.

Fumba macho uitembeze oda kutoka kukata hadi kukabidhi: nani anahesabu, nani anapanga kwa saizi, mifuko ya kufungia ni ya nani? Shule nyingi zinataka kila shati liwe na karatasi ya jina. Hiyo nayo ni pesa. Na sampuli ya kwanza itakataliwa, mara nyingi kwa sababu ya kola.

## Hatua ya 6: Jumlisha, upate bei ya chini kabisa

- Kitambaa: 180,000 + 900,000 = 1,080,000
- Vifungo, uzi na vya kola: 165,000
- Ufundi: 750,000
- Umeme na vya mashine: 45,000
- Nembo: 180,000
- Usafiri: 80,000
- Posho: 40,000

Jumla sh. 2,340,000. Mapato ni 300 mara 8,500, yaani 2,550,000. Zinabaki sh. 210,000 ambazo usingezipata.

Gawanya 2,340,000 kwa 300: sh. 7,800. Hiyo ndiyo sakafu yako ya Aprili. Iandike, ikunje, itie mfukoni, na usimtajie mteja. Nimeona mtu mzima akifanya hesabu safi kabisa, kisha akaingia ofisini na kusema, "Mwisho wangu ni elfu saba mia nane." Alipewa hiyohiyo.

Daftari lilisema hasara ya 150,000, na hapo lilikuwa halijui nembo wala kirikuu. Kama jibu lako linalingana kabisa na la daftari, huenda kuna kitu cha hatua ya 2 umeshindwa kukiachia.

## Hatua ya 7: Uliza oda inasukuma nini nje

Mpaka hapa tumechukulia mafundi wana nafasi. Sasa ihamishe oda hiyohiyo hadi Desemba, wazazi wamejaa mlangoni wakitafuta sare za Januari, na kila shati unaloshona linauzwa.

Shati la kawaida kwa bei za leo linakutoa 4,500 + 550 + 2,500 + 150, yaani 7,700. Ukiuza 11,500 linaacha 3,800. Huo ndio mchango wake. Kila shati la dukani linalokosa fundi kwa sababu ya oda linaondoka na 3,800 zake, na pesa hiyo uliyoikosa ni gharama ya oda kama ilivyo kitambaa. Haina risiti, na ndiyo maana husahaulika.

Mashati 300 ya dukani yakisukumwa nje: 300 mara 3,800 ni 1,140,000. Toa kwenye faida ya 210,000, umeingia hasara ya 930,000. Sakafu yako ya Desemba ni 7,800 + 3,800 = sh. 11,600, juu hata ya bei ya dukani.

Mara nyingi haisukumi yote. Tafuta idadi inayokuumiza: 210,000 kugawanya kwa 3,800 ni 55 na kidogo. Oda ikikukosesha mashati 55 ya dukani, bado uko salama kwa uzi mwembamba. Ikikukosesha 56, ungelala nyumbani ukapata zaidi.

Kabla hujakataa, angalia mlango wa pembeni. Fundi wa jirani atashona kwa 3,100 badala ya 2,500. Daftari linaona "ghali", wewe unaona 600 ya ziada badala ya kupoteza 3,800. Kwa mashati 300 ni 180,000, inabaki faida ya 30,000. Kwangu mimi 30,000 kwa usumbufu wote huo wa Desemba ni sawa na kukataa. Ningeomba 9,000 kwa shati, ambayo inaleta 180,000, na kama hawataki tuagane kwa heri. Kazi ya nje ina tabia yake. Ukiipokea bila kukagua kola moja baada ya nyingine, utazifumua mwenyewe usiku.

## Hatua ya 8: Kabla ya kushikana mikono

Hesabu imekubali, lakini kuna mambo matatu yanayoweza kuigeuza.

Kwanza, bei kuvuja. Wateja wako wa 11,500 wakisikia kuna waliopewa 8,500, watadai hiyo. Tofautisha bidhaa (rangi, nembo, kuchukua 300 kwa mpigo) ili uwe na jibu.

Pili, malipo. Shule ikilipa baada ya ada kukusanywa, pesa yako ya kitambaa imekaa nje wiki kadhaa. Dai malipo ya awali yanayofikia walau 900,000 za kitambaa kipya. Ukilazimika kukopa, riba ya mkopo huo inaingia hatua ya 5, tofauti na lile rejesho la cherehani tulilolifuta.

Tatu, mazoea. Sakafu ya 7,800 hailipi pango. Oda moja ya Aprili ni sawa. Ukijikuta robo tatu ya mwaka unashona kwa bei za namna hii, pango na msimamizi watalipwa na nani?

## Swali jingine, hesabu ileile: kibanda "kinachokula hasara"

Una kibanda sokoni. Mauzo yake yanaacha mchango wa 180,000 kwa mwezi. Pango lake 70,000, muuzaji 90,000, halafu daftari linakitwika 60,000 za "gharama za karakana". Linaonyesha hasara ya 40,000, na shemeji anashauri ukifunge.

Ukikifunga, zile 60,000 haziendi popote, zinarudi kuikalia karakana. Kinachobadilika ni 180,000 kutoa 70,000 na 90,000, yaani unapoteza 20,000 kila mwezi. Na kama pango la kibanda umeshalilipa mpaka Juni, hadi Juni unapoteza 90,000 kila mwezi. Ulize swali la kufunga upya mwezi Juni, kabla ya kulipa tena. Kama kuna mtu yuko tayari kukipanga kwa 120,000, hiyo ni habari mpya na karatasi mpya.

## Na moja la Desemba: nini kishonwe kwanza

Mafundi hawatoshi. Sketi ya marinda inaacha mchango wa 4,500, shati 3,800, kaptula 3,000. Wengi hukimbilia sketi. Lakini sketi inachukua dakika 90, shati 60, kaptula 40. Kwa saa moja ya fundi, sketi inaleta 3,000, shati 3,800, kaptula 4,500. Mpangilio umepinduka wote.

Gawanya kwa kile kilichoadimika kweli. Kama mafundi wapo wa kutosha ila mashine ya kupiga ukingo ni moja na foleni yake ndiyo inayochelewesha kila kitu, pima dakika za mashine hiyo, siyo za fundi. Simama pembeni yake nusu saa na saa ya simu mkononi.

Halafu mwachie nafasi mzazi. Mama aliyekuja na binti wa darasa la kwanza anataka shati na sketi kwa pamoja, na akikosa sketi atavuka barabara kwenda kununua vyote viwili kule. Mimi huanza na kaptula na mashati kama hesabu inavyosema, ila naacha fundi mmoja kwenye marinda toka tarehe 1 Desemba.